Kikombe cha Ford namba 4: cha mafundi rangi, ila na sisi wa udongo kinatufaa

Kama unatengeneza vyombo kwa kumimina uji wa udongo kwenye kalibu za plasta, kinunue. Ila usikitegemee peke yake.

Ni kikombe cha alumini cha kupimia mnato, yaani uzito au wepesi wa uji kutiririka: kinaingia mililita 100, na chini kina tundu la milimita nne na ushee. Wanaokijua zaidi ni wapuliza rangi za magari. Mimi nilikipata kwenye duka la rangi Kariakoo, na muuzaji aliposikia kazi yangu akacheka: "Dada, hiki ni cha rangi, siyo cha matope."

Matumizi ni mepesi. Chuja uji wa udongo, koroga, ziba tundu kwa kidole, jaza hadi ukingoni, pitisha rula juu ili ujazo uwe sawa kweli, kisha achia kidole huku simu inahesabu sekunde. Unasimamisha pale mchirizi unapokatika mara ya kwanza. Hapo ndipo patamu: rangi hukatika waziwazi, udongo wetu hukonda, ukajikunja, ukadondoka matone, na watu wawili hawatakubaliana mchirizi umekatika lini. Kwangu anapima mtu mmoja tu, na vipimo vimetulia.

Kasoro kubwa siyo ya kikombe, ni ya udongo wenyewe. Uji wa udongo una tabia ya mtindi: ukiukoroga unalegea, ukiuacha unaganda. Kwa hiyo kipimo kimoja hakisemi kitu. Mimi napima mara tu baada ya kukoroga, kisha najaza tena, naziba tundu kwa kipande cha mpira wa tyubu, naacha dakika tano, napima upya. Uji wangu mzuri hutoka kwa sekunde 28, na ukishapumzika 40 hivi. Namba zako zitakuwa nyingine. Cha kuangalia ni pengo. Pengo likiwa kubwa, uji utaganda ndani ya kalibu na unaobaki hautamwagika nje vizuri, na kikombe cha chai unachotengeneza kitabaki laini ukikitoa. Pengo likikaribia kutokuwepo, huenda umezidisha sodiamu silikati, ile dawa ya kulegeza uji: ukuta wa chombo unajengeka polepole, na ukikauka unapasuka ukiugusa na kisu.

Halafu pima uzito. Kabla ya sekunde zozote, mililita 100 za uji zije kwenye mizani gramu 175 hadi 180. Bila hivyo hujui kama uji umekuwa mwepesi kwa sababu ya dawa au kwa sababu kijana kaongeza maji. Joto nalo lina lake: uji wa saa saba mchana hutoka haraka kuliko wa asubuhi, hivyo mimi napima asubuhi tu.

Zipo mashine za kuzungusha, kama za Brookfield, zinazopima mnato kwa kasi tofauti tofauti na kuonyesha kuganda huko vizuri zaidi. Kwa kiwanda cha vigae, sawa. Kwa karakana ya watu watatu, pesa hiyo nanunulia plasta.

Kioshe papo hapo. Udongo ukikaukia tunduni, usiuchokoe na msumari. Alumini ni laini, na tundu likipanuka kidogo tu sekunde zako zote za nyuma hazina maana. Loweka, halafu tumia mswaki laini. Na ukiagiza, ulizia stendi yenye skrubu za kusawazisha, maana wengi huiuza kando na hawasemi mpaka umeshalipa.