Podikasti au grupu la WhatsApp kwa maCSO?

Hawa maCSO (Curriculum Support Officers, maafisa wa mtaala) wa Kenya wanaozunguka shule za msingi kuwakochi walimu, tangu enzi za Tusome, ule mradi wa kufundisha watoto kusoma ulioanza 2015, na tableti zao, kila mmoja yuko peke yake kwa zoni yake. Grupu la WhatsApp ni rahisi, unauliza unajibiwa hapo hapo, ila mwisho watu 1,024 na ushauri mzuri unazikwa chini ya salamu za asubuhi. Podikasti inataka kazi, kuediti na maiki ya maana, lakini unapakua ukiwa na Wi-Fi unasikiza ukiwa kwa boda, halafu mwenzako wa Turkana anaeleza polepole vile huwa anaketi na mwalimu baada ya somo bila kumfanya aone amekaguliwa, hiyo kwa grupu huipati kabisa. Mimi ningeanza podikasti, dakika 15 tu, maswali yatoke kwa grupu.