Kabla ya Kuuliza Windows au Linux, Uliza Nani Anakula Bando Lako

Jumatano hiyo nilikuwa Likoni, Mombasa, kwa khaleti, dada wa mamangu. Nilikuwa nimenunua bando la GB 5 kwa ajili ya kazi moja tu: sauti ya mkutano, niisikilize, niiandike neno kwa neno, niirudishe kwa mteja kabla ya saa nne usiku. Nikawasha hotspoti ya simu, nikaunganisha laptopu, nikazama kazini. Baada ya isha simu ikaingia ujumbe: bando limekwisha.

Sikuwa nimefungua hata video moja. Faili la sauti lenyewe halikufika MB 100. Nikafungua ule ukurasa wa Windows unaoonyesha kila programu imetumia data kiasi gani. Juu kabisa, juu ya kivinjari na juu ya kila kitu, palikuwa na neno moja: System. Mfumo wenyewe. Ulikuwa ukijishushia masasisho kwa pesa yangu, bila kuniuliza. Kazi ilifika kwa mteja asubuhi. Alikuwa ameshampa mtu mwingine.

Tangu usiku ule, nikiulizwa "dada, niweke Windows au Linux?" siulizi kompyuta ina kasi gani, wala skrini inapendeza vipi, wala habari za virusi. Hayo yameandikwa mpaka yamechosha. Mimi nauliza: intaneti yako waipataje? Mwenye fiber nyumbani isiyohesabu GB na achague apendavyo. Mwongozo huu ni wetu sisi tunaopimiwa intaneti kama mafuta ya taa, tunaoazima hotspoti ya ndugu, wanafunzi wanaochanga bando moja chumba kizima. Kwetu sisi, apdeti ni pesa taslimu inayotoka mfukoni.

Nimepanga mifumo ya kompyuta kwa kipimo hicho. Miwili ya mwanzo ni aina za Linux, na wa kwanza ndio ninaoutumia.

1. Linux Mint

Nasema wazi kwamba nina upendeleo. Mint ilianzishwa na Clement Lefebvre mwaka 2006, na imejengwa juu ya Ubuntu. Toleo la 22 lilitoka 2024 na litahudumiwa mpaka 2029. Hulipii kitu, huulizwi leseni, hulazimishwi kufungua akaunti.

Lakini kilichonishika ni ngao ndogo iliyo chini ya skrini, upande wa kulia. Kukiwa na sasisho, ngao ile inawekwa alama, basi. Ukiibofya inafunguka orodha: hiki ni kivinjari, hiki ni kernel (kiini cha mfumo), hii ni programu ya kuchapisha. Na chini kabisa ya dirisha kuna mstari mmoja unaokwambia uliyoyachagua yana MB ngapi kwa jumla. Hakuna sasisho linaloanza kushuka mpaka ubonyeze mwenyewe. Ukiona kernel ni nzito na bando ni dogo, unaitoa tiki, unachukua kivinjari peke yake kwa sababu ndicho kinachokukutanisha na wezi wa mtandaoni, mengine yanangoja siku utakapopata wifi ya bure. Kupakua kwa kujiendesha kupo, lakini kumezimwa hadi ukuwashe kwa mkono wako.

Mint yahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache, ingawa GB 4 ndiyo inayoshauriwa. Faili la kuiweka lina karibu GB 3, na ukishalitia kwenye flashi moja mnaweza kulizungusha mtaa mzima bila kulipakua tena. Laptopu yangu, HP EliteBook 840 G3 yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6, iliikubali siku hiyo hiyo: wifi, sauti, kamera, vyote vikasimama.

Kasoro zake sitazificha. Photoshop haikai humo. QuickBooks, ile programu ya uhasibu ya kuweka kwenye kompyuta, haikai. Ile fomu ya Excel ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya fomu) iliandikiwa Excel, kwa hiyo mwenye kujaza ritani za biashara kwa fomu hiyo asije akanilaumu. Tovuti za serikali za iTax na eCitizen zenyewe zinafunguka kwenye kivinjari kama kawaida, na LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, inatosha kwa barua, wasifu wa kazi na hesabu za chama.

2. Ubuntu, baada ya kuitibu

Roho yangu iliipenda Ubuntu kwa jina lake kabla ya kuiona, maana ni utu huu huu wetu, kwa lugha za kusini mwa Afrika. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliianzisha mwaka 2004, na kwa miaka kadhaa walikuwa wakituma sidii za bure kwa posta popote duniani. Watu waliokosa intaneti kabisa walifikiriwa. Ndiyo maana jambo la snap linaniuma.

Snap ni njia yao mpya ya kusambaza programu, na kivinjari cha Firefox kimo ndani yake. Kwa kawaida snap huenda kutazama masasisho mara nne kwa siku, na ikiyakuta inayashusha yenyewe. Dawa ipo: fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `sudo snap refresh --hold`, na vitu vyote vya snap vitangoja ruhusa yako. Mtu aliyezoea anafanya hivyo kwa sekunde tano. Lakini mwalimu aliyenunua laptopu jana aijulie wapi amri hiyo?

Na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanahangaika na neno huria, yaani programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuitazama ndani na kuibadilisha. Mwaka 2020 wenye Mint waliona hawaitaki snap, wakachukua kazi ya Ubuntu, wakaiondoa snap, wakawapa watu mfumo usio nayo. Hawakumwomba mtu ruhusa, kwa sababu leseni inawaruhusu na msimbo uko wazi. Windows huwezi kuifanyia hivyo hata uwe fundi wa mafundi. Linus Torvalds alipoiachia Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na mwaka uliofuata akaipa leseni huria ya GPL, hakuwa akiwaza habari za mtu wa Likoni anayehesabu MB, lakini mimi leo nafaidi ile leseni.

Faili la kuiweka Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6, mara mbili ya Mint. Kwa anayepakua kwa bando, hilo pekee laweza kuamua.

3. Windows 11, kama kazi inakulazimisha

Wako wanaolazimika: wahasibu, wapiga picha wa harusi, makarani wa clearing (utoaji wa mizigo bandarini) walio na programu ya kampuni. Hao nawaambia wachukue mashine ya kizazi cha 8 cha Intel kwenda juu, maana ndipo orodha ya Microsoft inapoanzia kwa karibu mashine zote, yenye TPM 2.0 (kijisehemu cha usalama ndani ya mashine) na RAM ya GB 8. Microsoft wanasema GB 4 inatosha. Nimeitumia ya GB 4 na siwezi kumshauri mtu.

Kisha, kabla hujafungua hata ukurasa mmoja, ingia kwenye mipangilio, Network & internet, bofya jina la hotspoti yako, washa "Metered connection". Hapo Windows inajua kwamba intaneti hii inapimwa. Lakini sikiliza vizuri, maana ndicho kinachowapata wengi wanaoniandikia: swichi hiyo ni ya hotspoti ile moja tu. Ukibadilisha simu, ukaazima ya kaka yako, ukaenda kwa jirani, kompyuta inaanza upya kuamini kwamba imekaa kwenye wifi isiyo na mwisho. Na hata ikiwashwa, Microsoft wamejiachia nafasi ya kushusha masasisho wanayoyaona ni ya lazima. Unaweza pia kusimamisha masasisho, lakini ni kwa muda tu, kisha yanakudai.

Ukifungua kwa akaunti ya Microsoft, tazama OneDrive isianze kupandisha picha na hati zako mawinguni. Kupandisha nako ni bando.

Windows 10 usiinunue kama mpya. Huduma yake ya kawaida ilikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za ex-UK, mitumba ya Uingereza, zilizojaa madukani haziwezi kupanda Windows 11 kwa njia halali. Mashine hizo si mbovu. Zinangoja Mint.

4. Mac

Mac ni nzuri, na ina swichi ya Low Data Mode inayofanya kazi yake. Lakini sasisho kubwa la macOS, mfumo wake, linapita GB 10, na bei ya mashine yenyewe wengi wetu hatuifikii. Anayeuziwa MacBook Pro ya 2015 kwa maneno matamu ajue kwamba inakomea toleo la Monterey, ambalo Apple wameshaliacha. Na macOS 26, Tahoe, ndiyo ya mwisho kupokea Mac yoyote ya Intel.

ChromeOS Flex, mfumo wa Google, ni bure, lakini bila intaneti inakuwa kama saa ya ukutani. Zile funguo za Windows (namba za kuiwashia) zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana, ziache.

Sasa niseme na wauzaji. Laptopu yangu niliinunua shilingi 24,000 kwenye duka moja mjini. Nilimuuliza kijana, "Windows yake ni halali?" Akaniapia: "Dada yangu, hiyo ni original, hata usiwe na wasiwasi." Baada ya miezi sita yakatokea pembeni mwa skrini yale maandishi ya kunitaka niilipie Windows. Nilipomrudia akanitaka 1,500 "ya kuweka nyingine". Nyingine ile ile ya wizi!

Naelewa kwa nini wanafanya hivyo. Windows 11 Home inauzwa dola 139 Marekani, ambazo ni kama shilingi 18,000, robo tatu ya bei niliyonunulia mashine yangu nzima. Lakini kama hawawezi kuiuza kihalali, kwa nini wasiweke Mint na kumwambia mteja ukweli? Ni nusu saa ya kazi na haina gharama. Badala yake mteja anaapiwa uongo, kisha anatozwa ada ya kuurudia.

Ukiwa dukani, bado hujatoa pesa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `slmgr /xpr`, kisha Enter. Kikifunguka kidirisha kinachosema imewashwa daima, afadhali. Kikitaja tarehe ya kuisha, hiyo kwa kawaida imewashwa kwa ujanja wa siku 180, na muuzaji anajua.

Na bei ya bando lenyewe, jamani. Nyaya za chini ya bahari zinatua hapa hapa Mombasa: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata. Sehemu kubwa ya intaneti ya nchi inaingilia pwani yetu, na mtu wa Likoni ananunua GB kwa kuhesabu. Mpaka hapo patakapotengenezwa, mfumo wa kompyuta wenye kujichotea bila kuuliza siwezi kuuweka namba moja, hata ungekuwa na uzuri gani.

Khaleti naye sasa ana Mint, kwenye laptopu ya zamani ya mwanawe. Wiki iliyopita alinipigia akiwa amekaa mbele yake, akanisomea ule mstari wa chini: "Mwanangu, hapa yaniambia MB 312. Niikubalie?" Nikamuuliza ana bando kiasi gani. Akasema amebakiwa na MB 400 na bado hajaongea na mwanawe wa Muscat. Nikamwambia achukue kivinjari tu, nyingine aje aziteremshie kwangu Jumapili.