SD45 na SD40-2: nguvu nyingi au kazi nyingi?
Vichwa hivi viwili vya treni za mizigo ni vya kampuni moja, EMD ya Marekani. SD45 ya mwaka 1965 ilikuja na injini ya dizeli ya silinda 20, nguvu farasi 3,600, na rejeta zilizotanuka ubavuni kama mabawa (kwa sura, mimi naichagua hii). Lakini krankishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) za mwanzo zilikatika, na mafuta iliyabugia kweli kweli. SD40-2 ya 1972 ina silinda 16, nguvu farasi 3,000 tu. Kwenye mwendo kasi inaachwa. Mlimani, polepole na mzigo mzito, tofauti karibu haionekani: zote zina mota sita za umeme zinazozungusha magurudumu, na uzito unaokaribiana. SD45 ziliundwa 1,260 hivi. SD40-2, karibu 4,000.