Darasa la kudurusu fasihi katikati ya mji: nilichopata kwa pesa yangu

Jina la darasa lenyewe silitaji. Nikilisifu mtasema nimelipwa, nikilikosoa nitakuwa nimemharibia mtu riziki, na nina maneno ya pande zote mbili. Ni darasa la jioni katika jengo moja la zamani karibu na River Road, Nairobi, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na mbili, kwa wanafunzi wa chuo kikuu wanaojiandaa kwa mitihani ya fasihi ya Kiingereza, ya Marekani na ya diaspora, yaani ya waandishi wenye asili ya Afrika walio ng'ambo. Ada ni shilingi 3,500 kwa mwezi.

Karatasi zetu ni za saa mbili. Swali la kwanza ni la lazima, alama 30, kisha unachagua mengine mawili ya alama 20 kila moja. Vitabu wengi wetu tunavijua; kinachotumaliza ni saa. Mwalimu, mama mtu mzima aliyewahi kusahihisha mitihani ya chuo na ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alianzia hapo hapo. Dakika 50 kwa swali la lazima, 30 kwa kila moja ya yale mawili, na 10 za kupitia ulichoandika. Simu zote mezani kwake. Unaandika kwa kalamu, na muda ukiisha anaichukua karatasi hata kama sentensi iko nusu. Sisi tuliozoea kuandika insha kwa kompyuta, vidole viliuma siku za mwanzo hata kushika kijiko ikawa kazi. Kwangu mimi, hata asingefundisha kitu kingine, mazoezi haya pekee yangetosha kulipiwa.

Akisahihisha, kitu cha kwanza anachokifuta ni wasifu wa mwandishi. "Mtahini anamjua Toni Morrison," alituambia. "Hajakuuliza alizaliwa wapi." Swali likiwa ni kumbukumbu katika riwaya yake Beloved, kuandika kwamba Morrison alipata Nobel mwaka 1993 hakukupi hata nusu alama. Lakini kisa cha Margaret Garner, mtumwa aliyetoroka Kentucky mwaka 1856 na kumuua bintiye ili asirudishwe utumwani, kina alama, mradi uonyeshe Morrison alivyokigeuza: alivyompa Sethe, mama wa riwaya hiyo, maisha baada ya tendo lile, na kumrudisha mtoto nyumbani akiwa na mwili na njaa. Tangu siku hiyo nikiandika mwaka wowote katika jibu najiuliza unafanya kazi gani pale. Mingi haifanyi kazi yoyote.

Jioni za diaspora ndizo zilizokuwa tamu. Tulianza na Claude McKay, Mjamaika, na shairi lake "If We Must Die" la 1919, mwaka ambao watu weusi walishambuliwa Chicago, Washington na miji mingine ya Marekani. Mwalimu hakutueleza kitu. Alitutaka tuhesabu mistari, tukapata 14, kisha tufuate vina, tukakuta ni vile vile vya soneti za Shakespeare. Basi akauliza: mtu anayewaambia wenzake wafe wakipigana, kwa nini anachagua umbo hili? Tulibishana hadi mlinzi akaja kugonga mlango.

Jumanne iliyofuata ikawa zamu ya Derek Walcott, "A Far Cry from Africa", mtu wa Saint Lucia akitazama kutoka Karibi vita vyetu wenyewe, vya Mau Mau, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Kenya 1952. Chuoni shairi hili tulilipitia kwa mwendo wa matatu isiyo na abiria. Hapa darasa liliwaka. Dada mmoja wa Nyeri alisema, "Mwalimu, huyu anatuhesabia maiti akiwa ng'ambo ya bahari." Mwalimu akamjibu aliandike hilo hilo katika mtihani, ila alithibitishe kwa mistari. Alipojaribu, aligundua kwamba mistari inamuunga mkono nusu na kumpinga nusu, kwa sababu mshairi anajiuliza mwenyewe afanye nini na damu zake mbili, ya Kiafrika na ya Kizungu. Jibu lake lilitoka zuri kuliko la mtu yeyote pale, mimi nikiwemo.

Ila iliyonifanya nilipe mwezi wa pili ni jioni ya Abdulrazak Gurnah. Tulikuwa tunasoma By the Sea, riwaya ya 2001: Saleh Omar, mzee wa Zanzibar, anatua Gatwick na kikasha cha udi na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, na anajifanya hajui Kiingereza. Ofisa wa uwanjani anamnyang'anya ule udi. Mimi nilikuwa nimeuandika ukimya wake kama unyonge wa mkimbizi, basi. Mwalimu akatuuliza nani amemsoma Bartleby wa Herman Melville. Hadithi hiyo ya 1853 iko kwenye karatasi yetu ya Marekani: karani wa Wall Street ambaye kila akipewa kazi anajibu kwa adabu kwamba angependelea kutoifanya. Saleh Omar amemsoma, na katika riwaya anamzungumzia. Kumbe yule mzee yuko kimya kwa kupenda, na karani wa New York ndiye mwenzake. Karatasi mbili tulizokuwa tukizidurusu mbali mbali, kila moja na daftari lake, zikakutana. (Nobel ya Gurnah ya 2021 sikuigusa, tulishakatazwa.)

Sasa mapungufu. Fasihi ya Marekani ya karne ya 19 ilikimbizwa: washairi Walt Whitman na Emily Dickinson jioni moja, na Dickinson akapewa dakika za mwisho watu wakishafunga mabegi. Shakespeare hafundishwi kabisa; inachukuliwa kwamba ulimmaliza sekondari, jambo ambalo si kweli kwa wengi. Halafu kuna kijitabu cha maelezo kinachouzwa mlangoni shilingi 400. Msikinunue. Walcott ameandikwa Mjamaika, na miaka ya Jane Eyre ya Charlotte Brontë na Wide Sargasso Sea ya Jean Rhys imepishanishwa, ya 1847 ikawa 1966 na ya 1966 ikawa 1847. Ukikariri hivyo utaelezaje kwamba Rhys ndiye aliyemjibu Brontë? Mwalimu alikana kwamba yeye ndiye mwandishi wake, nami namwamini, lakini kinauzwa mlangoni kwake.

Bora hizo 400 uzipeleke kwa wauza vitabu wa inama, wanaovitandaza chini barabarani. The Lonely Londoners ya Sam Selvon, ya 1956, niliipata huko bila jalada lakini kurasa zote zipo. Ukikosa, ingia McMillan pale Banda Street, maktaba iliyofunguliwa 1931 wakati Mwafrika haruhusiwi kupita mlangoni. Nimeshinda humo Jumamosi nikisoma. Na anayelalamika kwamba mtaala wetu una Wakaribi wengi asome waraka wa Oktoba 1968 wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, uliotaka Idara ya Kiingereza ya hapa Nairobi ivunjwe. Wakaribi na Wamarekani weusi walipata nafasi yao katika hoja zile.

Matokeo yangu hayajatoka, kwa hiyo msiniulize alama. Mtu ambaye hajasoma vitabu asijisumbue kulipa, maana hakuna anayesimuliwa hadithi mle ndani. Utakaa ukiwatazama wenzako wakibishana. Aliyesoma lakini anaishiwa na muda kila mtihani, aende. Wanapokea M-Pesa, nusu mwanzoni na nusu wiki ya tatu, na karatasi za kuandikia unakuja nazo mwenyewe. Chumba kiko ghorofa ya nne na lifti haifanyi kazi.