Zahanati ya shamba na hospitali ya mjini: nani alilishika tumbo la mwanangu

Majina ya sehemu hizi mbili sitayataja. Nataka tuzungumze kazi waliyoifanya, si ubao wa mlangoni. Moja ni zahanati ya mtu binafsi huku kwetu mashariki ya Unguja, nyengine ni hospitali ya mjini. Zote mbili nimeingia na kijana wangu wa miaka saba, siku moja, kwa tumbo lile lile. Zahanati naipa nyota 1 kati ya 5. Hospitali naipa 4.

Tumbo lilimuanza Jumatatu usiku. Akiulizwa linauma wapi anaweka kidole kitovuni: "Hapa Baba, panasokota." Bibi yake akasema chango, akamkanda kwa mafuta ya nazi na habasoda mpaka akapata usingizi. Asubuhi akakataa chai na boflo, na huyu ni mtoto wa kugombania kipande cha mwisho na ndugu zake. Baadaye kidogo akatapika.

Saa mbili tukawa zahanati. Hatukungoja hata dakika kumi, na hilo ni haki yao nilisema. Tabibu akamtoboa kidole kwa kipimo cha malaria, hakuna kitu. Akataka mkojo, majibu yakarudi kuwa kuna seli za usaha kidogo. Basi, yamekwisha hayo. Tukaandikiwa dawa ya maji ya maambukizo ya mkojo na dawa ya minyoo, nikalipa sh. 35,000. Muda wote huo kijana yuko mapajani mwangu, jezi haikufunuliwa. Kitanda cha kupimia wagonjwa kilikuwepo, hatua mbili kutoka nilipokaa, na juu yake makasha manne ya dripu.

Simlaumu kwa kupima malaria wala mkojo. Huku kwetu, na kichocho tulichokulia nacho, nani asiyetaka kuuona mkojo wa mtoto? Nalaumu kuwa aliishia hapo. Baadaye nilielezwa kuwa kidole tumbo, kile kijirija cha utumbo kilicho chini kulia, kikivimba karibu na kibofu au mrija wa mkojo, usaha kidogo unaweza kuonekana kwenye kipimo ilhali mkojo wenyewe ni mzima. Karatasi ile ilimpa jibu la upesi, naye akaridhika nalo.

Adhuhuri mama yake alirudi kutoka kwenye mwani akamkuta anatembea amejikunja, mkono umeshika chini upande wa kulia. Maumivu yalikuwa yamehama. Mwili umoto, lakini si moto wa kutisha. Mimi ni dereva wa gari ya Jambiani na mjini, siku hiyo nilishusha abiria nikampakia mwanangu, mbele, kichwa kwenye paja la mama yake.

Njia ile naijua kwa macho yaliyofungwa. Wanaopita Jozani wanayajua matuta yaliyowekwa pale ili magari yasiwagonge kima punju. Niliyapanda polepole kuliko siku zote, na kila tairi iliposhuka kijana alikunja magoti na kutoa sauti ndogo, meno yamebana. Tuta la pili nilisimamisha gari kabisa. Nikashusha tairi za upande mmoja kwanza, kisha za upande wa pili. Alilia vile vile.

Sasa sikilizeni. Daktari wa zamu mjini, dada mdogo tu, baada ya salamu aliniuliza tumbo lilianza wapi na sasa liko wapi, na kipi kilitangulia, kuuma au kutapika. Kisha akauliza: "Baba, mlipopita kwenye matuta alikuwaje?" Nilitaka kumkumbatia. Akanieleza kuwa kidole tumbo kinapoanza kuvimba mtoto husikia maumivu katikati, kitovuni, bila ya kuweza kutaja mahali hasa. Uvimbe ukishafika kwenye utando unaozunguka matumbo, maumivu yanakaa pale pale penye ugonjwa, na kila mtikisiko unaugusa utando ule. Madaktari wa Uingereza waliwahi kulifanyia utafiti suala hilo hilo la matuta kwa watu wazima, na karibu wote waliokuwa na kidole tumbo waliumia walipoyapita.

Alipasha mikono yake moto kwa kuisugua kabla ya kumgusa. Akaanzia kushoto juu, mbali na panapouma, na macho yake hayakuwa kwenye tumbo, yalikuwa kwenye uso wa mtoto. Akafika chini kulia, baina ya kitovu na mfupa wa nyonga, kijana akamshika mkono. Akamsikiliza kifua, kwa sababu nimonia ya chini ya pafu la kulia huweza kujionyesha kwa mtoto kama tumbo. Akamwangalia na korodani, maana ikijipota maumivu yanaweza kupanda juu na mtoto akaona haya kusema. Mwisho: "Haya mwanangu, niruke kwa guu moja." Kijana aliinua guu, akabaki amesimama hivyo, akatikisa kichwa.

Nilipoona anamtilia dawa ya maumivu mshipani niliingilia kati, nikamwambia si utauficha ugonjwa? Sisi wengi tunaamini hivyo. Akasema hapana, tafiti zimeshaonyesha kuwa dawa haimzuii daktari kuujua ugonjwa, na mtoto aliyepumzika hupimika vizuri zaidi.

Kuna hesabu ya alama 10 aliyoiandika kwenye faili mbele yangu, iliyotungwa kwa ajili ya watoto na kuchapishwa mwaka 2002. Kukosa hamu ya chakula 1, kichefuchefu au kutapika 1, maumivu kuhama 1, homa 1 (yeye alikuwa na 37.8, haikufika, alama hiyo hakuipata), kuuma akibonyezwa chini kulia 2, kuuma akiruka au kukohoa 2. Saba tayari. Damu ikarudi seli nyeupe 15,800, na miongoni mwao zile zinazopanda kwa maambukizo ziko juu pia, alama moja moja, ikawa tisa. Na bado akasema hamkati mtu kwa hesabu peke yake. Aliongeza kuwa damu inaweza kuwa ya kawaida na ugonjwa upo, hasa mwanzoni, na kwamba wa chini ya miaka mitano ndio wa kuwahofia zaidi, kwani hawawezi kusema na mara nyingi hugundulika kidole tumbo kimeshapasuka.

Nyota moja nimeikata hapa: mtu wa ultrasaundi aliitwa kutoka nyumbani, tukangoja kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu usiku. Mama yake alikaa sakafuni ukumbini, hakuna aliyemwambia kinachosubiriwa. Lakini katika kungoja huko yule daktari alirudi mara mbili akalishika tumbo upya, na kila mara akaandika saa.

Wa ultrasaundi alipofika hakuharakisha. Alibonyeza taratibu kusukuma hewa ya matumbo, akasimama, akabonyeza tena, mpaka akaonyesha kwenye kioo kijirija kilichoziba upande mmoja, hakibonyei, upana milimita 9. Kawaida hakizidi 6 hivi. Nilimuuliza kuhusu siti skani, akasema kwa mtoto wanaanza na hii kwa kuwa haina mionzi.

Saa sita usiku alipasuliwa. Kidole tumbo kilikuwa kimevimba na chekundu, hakijapasuka. Siku ya tatu tulirudi nyumbani.

Wiki iliyofuata nilimpelekea tabibu wa zahanati karatasi ya ruhusa ya hospitali. Aliisoma mara mbili. Akasema, "Nisamehe kaka, sikumlaza nikamshika tumbo." Nikamwambia mimi nimesamehe, ila yale makasha ayatoe kwenye kitanda. Akaahidi. Jana nimepita kumchukulia mama dawa ya presha, yapo pale pale, sasa matano. Jumatatu nitapita tena, na nitayashusha mwenyewe akiniruhusu.