Kufifisha au kuchujuka: neno lipi kwa kitu kilichopungua mvuto?

"Fifisha" imetokana na fifia. Ina mtendaji na hubeba yambwa, yaani kinachotendewa: "Filamu hii imefifisha mng'ao wa ujambazi." Hupunguza bila kumaliza, ndiyo maana inafaa habari na tasnifu. Tatizo huja yambwa ikiwa mtu. "Wamemfifisha msanii" huacha swali: wamefifisha nini chake? Taja nyota, sifa au mvuto: "wamefifisha nyota yake."

"Chujuka" ni ya khanga iliyopoteza rangi kwa kufuliwa, na picha hiyo ndiyo nguvu yake. "Msanii amechujuka" huuma zaidi. Kwenye mazungumzo na kurasa za burudani ninaipenda kuliko fifisha. Lakini humficha mtendaji, kana kwamba mvuto umeondoka wenyewe. Ukitaka aliyeupunguza ajulikane, rudi kwenye fifisha.