Huduma ya CCM ya kumpata mgombea urais: mwisho safi, katikati giza

Mwanachama wa Mbagala akisikia "mchakato" huwaza kura za maoni, zile za kupata wabunge na madiwani. Kwa urais, mwenye kadi wa kawaida hapigi kura yoyote. Anachoweza kutoa ni saini ya udhamini tu. Tukiipima kama huduma nyingine yoyote, kwa bei, masharti na uwazi, tunaipa nyota tatu kati ya tano.

Kipimo chetu ni mwaka 2015, maana ndipo mashine ilipofanya kazi kwa nguvu zote. Fomu ilichukuliwa Dodoma kwa shilingi milioni 1. Hiyo ni sehemu rahisi. Ugumu uko kwa wadhamini: wanachama 30 kwa kila mkoa, mikoa 15, mitatu kati yake iwe ya Zanzibar, jumla 450. Watia nia wa Dar es Salaam hapa ndipo hujidanganya. Majina 400 ya Kariakoo na Temeke yanapendeza kwenye picha, ila kichama Dar ni mkoa mmoja, kwa hiyo yanayokuvusha ni 30 tu. Asiye na watu Pemba wala Rukwa atajua bei halisi ya fomu ni nauli. Sharti zuri kweli, linapunguza wachukua fomu wa kupigia picha, ingawa halikuwamaliza: walichukua 42, wakarudisha 38.

Kisha linakuja chujio. Kamati Kuu iliwashusha hao 38 hadi watano, na Halmashauri Kuu ya Taifa ikapiga kura kubakiza watatu. Kasoro kubwa ya huduma iko kwenye hatua ile ya kwanza. Chumba kidogo, mlango umefungwa, na hakuna alama zilizotangazwa za kuonyesha nani kapungukiwa nini. Jina la Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, halikurudi, na wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, wakatoka kuwaambia waandishi kwamba hawaungi mkono uamuzi huo. Mwezi haukuisha, Lowassa akawa Chadema, chama cha upinzani. (Nchimbi huyohuyo, Januari 2025, akapitishwa kuwa mgombea mwenza.)

Mkutano Mkuu, unaowapigia kura hao watatu waliobaki, ndio unaookoa nyota. Kura ni ya siri, namba zinatajwa hadharani: John Magufuli 2,104, Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59. Na sheria ya kwamba mshindi apate zaidi ya nusu ya kura si pambo. Mwaka 1995 Jakaya Kikwete aliongoza raundi ya kwanza kwa 534, Benjamin Mkapa 459, Cleopa Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu, wakarudia wawili wa juu, Mkapa akashinda kwa 686 dhidi ya 639. Mashabiki wa Msuya ndio walioamua.

Tatizo ni kwamba huduma haipatikani kila msimu. Januari 2025 Mkutano Mkuu ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan kwa azimio, bila mchuano wa fomu, kwa hiyo hakukuwa na cha kuchuja.

Anayejipanga kwa 2030 aanze na mikoa ya Zanzibar, Dar aiache mwisho. Halafu ahesabu marafiki zake ndani ya Kamati Kuu kabla hajalipia fomu.